Naogopa bahari, na familia nzima imeshakata tiketi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 41, ni mhasibu katika kampuni moja hapa Nairobi na tunaishi Donholm. Jumapili hii natakiwa kushindana Mombasa katika ubingwa wa triathloni wa sisi tusiolipwa, kundi la wanawake wa miaka 40 hadi 44. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu: unaogelea, unatoka majini ukiwa chepechepe unapanda baiskeli, kisha unaiacha baiskeli unakimbia, na saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Masafa yetu ni yale yale ya Olimpiki: mita 1,500 majini, kilomita 40 kwa baiskeli, kilomita 10 kwa miguu.

Sikulelewa katika michezo. Nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima, nimeshika ukingo wa kidimbwi pamoja na watoto wa miaka sita ambao walinipita upesi sana. Kilichonipeleka huko ni daktari aliyeniambia presha yangu inapanda na kushuka, nitafute mazoezi. Tena baba yangu alianguka shambani akipalilia mahindi nikiwa kidato cha tatu, hakuamka, na hakuwa amefika miaka 55. Sikutaka watoto wangu waje kuitwa darasani kama nilivyoitwa mimi. Basi nikaanza kuogelea, kisha nikajiunga na klabu, na mchezo ukaniingia damuni.

Baiskeli nilinunua ya mtumba kwa Sh95,000, zamu yangu ya chama ilipofika. Mume wangu hakufurahi. Pesa hizo tulikuwa tumezitaja taja kwa ajili ya mabati ya nyumba ya mama yake kijijini. Aliniuliza, "Mama watoto, baiskeli ya bei ya ng'ombe wawili, ya kwenda wapi?" Hakunitukana wala hakupaza sauti, lakini maneno hayo yamenikaa hadi leo. Mabati tulikuja kuyanunua baadaye, na hajawahi kulitaja tena jambo hilo. Siku hizi yeye ndiye anayenifuata kwa gari alfajiri ya Jumamosi kwenye barabara ya Kiserian kuelekea Magadi, taa za dharura zikiwaka, ili malori yasinikaribie. Kwa safari hii amekata tiketi za treni za familia yote. Mama yake amekuja kutoka kijijini na sasa yuko kwetu. Hajawahi kuiona bahari maishani mwake. Ameninunulia leso nijifunge nikitoka majini, ili watu wasinione nilivyovaa.

Sasa Shangazi, shida yangu. Wakati wa baridi, klabu yetu ilishuka Mombasa kufanya mazoezi ya baharini. Upepo ulikuwa mkali. Kidimbwini huwa naufuata mstari mweusi wa vigae ulioko chini, nikiinua kichwa naona ukuta. Pale nilipotumbukiza uso niliona kijani tupu. Wimbi la kwanza lilinipiga nikivuta pumzi, nikameza maji ya chumvi. La pili likanigeuza. Kifua kilibana, pumzi zikawa fupi fupi, na kila nilipojaribu kurudisha uso majini mwili ulikataa. Wenzangu walikuwa wameshatangulia. Nilikamata mtumbwi wa mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akikunjua mshipi wake. Nakumbuka magamba ya samaki yaliyokauka kwenye ubao niliokuwa nimeung'ang'ania, karibu kabisa na jicho langu. Mzee hakunivuta ndani. Aliniambia, "Mama, usipigane nayo. Lala chali, tazama juu." Nikalala chali, na baada ya muda nikaweza kurudi ufuoni taratibu. Nilikohoa hadi usiku. Wenzangu waliponiuliza nilisema misuli ya mguu ilikaza.

Tangu hapo sijaingia baharini. Nairobi hatuna maji ya wazi ya kujaribia. Naivasha kuna ziwa, lakini kuna viboko. Nimeendelea na kidimbwi, na kule muda wangu ni mzuri, ndiyo maana nikapata nafasi hii. Kocha nilimdokezea kidogo akasema kila mtu huogopa, siku yenyewe nitasahau. Mwenzangu mmoja wa klabu, yeye nilimweleza zaidi, amenipa kidonge cha kutuliza ambacho humeza yeye akisafiri kwa ndege. Kiko ndani ya pochi yangu.

Wiki hii ndiyo imenimaliza. Kocha amepunguza mazoezi ili tupumzike kabla ya mashindano, na badala ya kujisikia mwepesi najisikia mgonjwa. Miguu mizito. Goti ambalo halijawahi kuniuma linauma asubuhi, mchana limepona. Saa tisa usiku niko macho nasikiliza moyo unavyodunda. Saa yangu ya mkononi inasema mapigo yangu nikiwa nimepumzika ni 61, wakati kwa kawaida ni 52. Mkoba uko mlangoni umefungwa, nami naufungua kila jioni kuhesabu tena: miwani ya kuogelea, kofia, helmeti, mirija ya akiba.

Kuna pia wasichana wa mtaani ninaowafundisha kuogelea wikendi. Wameandika jina langu kwenye shuka nyeupe, wanasema wataituma picha tukiwa Mombasa.

Nikijitoa, mume wangu nitamwambia nini? Atakumbuka baiskeli. Mama mkwe nitamtazamaje? Nikiingia, na hali ile ikanipata tena mbali na ufuo, itakuwaje? Kila nikifungua mdomo kumwambia mume wangu, namwona akikunja nguo za watoto kwa safari, nanyamaza.

Nisaidie.

Mwenye hofu, Donholm

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu Jumapili haisubiri. Kwanza pole. Kubeba jambo kama hili peke yako katika nyumba iliyojaa watu wanaokushangilia ni kazi nzito kuliko hizo kilomita zako.

Umeniuliza uingie au ujitoe. Hilo sitakuamulia. Silijui bwawa lako, silijui wimbi la asubuhi hiyo Mombasa, wala sijakaa mezani na mume wako. Lakini nimeisoma barua yako mara kadhaa na kuna mahali umepita mbio, na hapo ndipo nitakapoanzia.

Umesema presha yako hupanda na kushuka. Umesema baba yako alianguka ghafla, hakuwa amefika 55. Umeyaandika hayo kama sababu ya kuanza mazoezi, ukaendelea na habari ya baiskeli. Kisha huko mbele unasema kifua kilibana baharini, pumzi zikakatika, na ukakohoa hadi usiku. Wewe umeyaita yote hayo hofu, na huenda ni hofu kweli. Mtu akipigwa na mawimbi mawili na kumeza maji ya chumvi, hofu haihitaji mwaliko, na hayo maji uliyomeza pekee yanaweza kumkohoza mtu. Ila nakuuliza kwa upole: nani amehakikisha kwamba ilikuwa hofu peke yake?

Madaktari wa michezo wanaijua hali moja ambapo maji ya mwili wenyewe, wala si ya bahari, huvujia kwenye mapafu mtu anapoogelea kwa nguvu. Humletea upungufu wa pumzi, kifua kubana na kikohozi, wakati mwingine makohozi yenye povu au wekundu wekundu. Presha ya juu ni mojawapo ya mambo yanayoongeza uwezekano wake, na kubugia maji mengi kabla ya kuingia majini pia hutajwa. Kwa anayeipata, inafanana sana na kuchanganyikiwa kwa hofu. Jikumbushe siku ile: kifua kilitulia ulipofika mchangani, au kiliendelea? Makohozi yalikuwa na rangi gani? Ulipolala chali usiku kitandani, ulipumua vizuri au ulitaka mito zaidi? Majibu yake unayo wewe, na daktari atayahitaji.

Kuhusu baba yako, kifo cha ghafla cha mzazi ambaye bado ana nguvu ni jambo ambalo daktari wa moyo hutaka kulisikia mapema, kwa kuwa baadhi ya matatizo ya moyo hurithiwa. Mlipomzika, kuna mtu aliyeambiwa chanzo? Vijijini mara nyingi husemwa "ni presha" au "ni mapenzi ya Mungu" na mambo yakaishia hapo. Kama mama yako au shangazi zako wa kuzaliwa wapo, piga simu uulize. Uliza pia kama kuna mwingine upande wa baba aliyekwenda hivyo.

Nakuambia haya nikijua unaweza kuogopa zaidi, kwa hiyo nikupe na kipimo chake. Watafiti waliokusanya habari za triathloni Marekani kuanzia 1985 hadi 2016 walipata matukio 135 ya vifo na mioyo kusimama, na 90 kati ya hayo yalitokea kwenye kuogelea. Wengi walikuwa wanaume, na karibu nusu ya waliofanyiwa uchunguzi wa maiti walikutwa na kasoro ya moyo au mishipa. Ukilinganisha na umati unaoshiriki, ni watu wasiofika 2 kwa kila 100,000. Ni hatari ndogo sana kwa mtu wa kawaida. Swali lako ni kama wewe, kwa historia yako, ni wa kawaida, na hilo linaweza kuulizwa kabla ya Ijumaa. Mweleze daktari mambo matatu hayo pamoja, baba, presha na siku ya baharini, maana ukisema tu "nataka cheti cha mashindano" atapima presha na kupiga muhuri. Kipimo cha umeme wa moyo hakichukui muda mrefu wala hakiumi. Akitaka na picha ya moyo, sikiliza anavyosema. Kipimo kikitoka safi hakimalizi kila shaka, lakini utalala tofauti. Na akisema usubiri, basi utakuwa na sababu ambayo hakuna anayeweza kuibeza, ingawa najua itauma.

Hicho kidonge cha pochini, mrudishie mwenyewe. Katika barua yako yote hapa tu ndipo nitakapokuwa mkali. Dawa ya kutuliza aliyoandikiwa mtu mwingine, kwa mwili mwingine, ya kukaa kwenye kiti cha ndege, haiendi baharini. Inaweza kukulegeza misuli na kukupunguzia wepesi wa kufikiri mahali ambapo unahitaji vyote viwili ili kuelea. Mwenzako amekupa kwa nia njema, mshukuru.

Sasa hii wiki yako. Miguu mizito na goti linalouma asubuhi na kupona mchana, usingizi wa mang'amung'amu, hayo karibu kila mwanamichezo huyasimulia mazoezi yanapopunguzwa kabla ya mashindano. Misuli iliyokuwa ikitumika kila siku sasa inajaza akiba ya wanga, na wanga huhifadhiwa pamoja na maji, ndiyo maana miguu huhisi imejaa. Tena akili iliyozoea kuchoka saa moja jioni inabaki na nguvu za kukagua kila kiungo. Mapigo 61 badala ya 52 yanaweza kuletwa na kukosa usingizi na wasiwasi, yanaweza pia kuletwa na homa inayokuja. Ukipata joto la mwili, kikohozi cha kifuani au maumivu ya mwili mzima, mambo ni mengine. Mtu mwenye homa hashindani, hata kama angekuwa bingwa wa bahari.

Nije kwenye bahari yenyewe. Mimi nimezaliwa Pwani, na wavuvi wa kwetu hawaingii majini kabla ya kuuliza maji yamefika wapi na upepo unatoka wapi. Ninyi mlishuka wakati wa baridi ya Nairobi, na huko Mombasa huo ni msimu wa kusi, upepo utokao kusini, ambapo bahari huchafuka. Kuelekea mwisho wa mwaka kusi hulegea na bahari hutulia kabla ya kaskazi, upepo wa kaskazini, kushika. Sisemi kwamba Jumapili maji yatakuwa kama kidimbwi. Nasema bahari uliyokutana nayo ilikuwa katika hali yake ngumu, bila mwenzako ubavuni, na wewe ukaipa jina "bahari" yote. Uliza waandaaji: njia ya kuogelea iko ndani ya mwamba au inatoka nje? Saa ya kuanza maji yatakuwa yanajaa au yanakupwa? Ni siku za bamvua au za maji mafu, yaani yasiyopanda wala kushuka sana? Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka kwa nguvu zaidi, na mkondo wake huusikia mwilini.

Kocha wako anasema utasahau siku yenyewe. Wapo wanaosahau kweli. Lakini hofu iliyowahi kupata sababu haiondoki kwa kuambiwa iondoke, na mimi nisingependa uende ukitegemea kusahau. Kama daktari amekuruhusu, kuna njia ya kuipima kabla ya Jumapili. Ukifika Ijumaa au Jumamosi, ingia baharini asubuhi, pamoja na mtu anayejua maji yale, mahali ambapo bado unagusa chini. Tumbukiza uso. Toa pumzi polepole ndani ya maji. Kisha geuka chali, utulie, urudi tena. Alichokufundisha mzee wa mtumbwi ndicho waokoaji hufundisha, kuelea kwanza. Fanya hivyo mpaka uone mwili unaitika au unakataa. Faida ni kwamba utaamua ukiwa na jambo la kuamulia. Hatari yake ni mbili: mambo yakienda vibaya, usiku wa Jumamosi utakuwa mrefu, yakienda vizuri sana, unaweza kusahau kwamba Jumapili kutakuwa na mikono na miguu ya watu kila upande, na hiyo ni fujo nyingine.

Ukiamua kuanza, hulazimiki kuanza kama wengine. Simama nyuma au pembeni, honi ikilia waache waende, uhesabu pumzi, ndipo uingie. Kwa kanuni za kimataifa za mchezo huu unaruhusiwa kuogelea kwa mtindo wowote, kuelea, na kupumzika ukiwa umeshika boya au mtumbwi uliosimama, mradi usiutumie kusonga mbele. Unaruhusiwa kuinua mkono kuomba msaada. Hakikisha kwenye maelezo ya Jumamosi kama waandaaji wenu wanazifuata hivyo hivyo, na muda wa mwisho wa kutoka majini ni upi. Mwambie mwokoaji mmoja mapema, "Mimi nina tatizo la pumzi baharini, ukiniona chali muda mrefu njoo." Mtu anayeelea chali huweza kudhaniwa anazama, au kinyume chake. Hatari ninayoiona kwenye njia hii ni ile ya katikati. Karibu na ufuo ni rahisi kugeuka. Ukishapita boya la mbali, ukijua mama mkwe amesimama mchangani na leso mkononi, kichwa kitakuambia uvumilie kidogo tu. Amua mapema, ukiwa nchi kavu, ni dalili gani ikitokea unainua mkono bila mjadala. Kifua kubana na kikohozi kisichokoma, kwangu mimi, vingekuwa vya kwanza.

Kujitoa nako kuna sura zake. Baadhi ya mashindano huwa na timu za watu watatu, mmoja akaogelea, wa pili akaendesha, wa tatu akakimbia. Uliza kama wenu wana nafasi hiyo na kama kubadilisha bado kunawezekana. Unaweza pia kusafiri usishindane kabisa. Ada itapotea, na jioni ya Jumapili itakuwa chungu, nisikudanganye. Vilevile, jambo tunaloliogopa tukilikwepa bila mpango wa kulirudia mara nyingi huzidi kukua. Kwa hiyo ukijitoa, jiwekee tangu sasa lini utarudi majini, na nani, bila saa wala umati.

Nimebakisha mume wako kwa sababu nadhani ndiye anayekunyima usingizi kuliko mawimbi.

Una hakika atakumbuka baiskeli. Yawezekana. Simjui, na maneno yale ya ng'ombe wawili hukuyabuni. Lakini nitazame ninachokiona kwenye barua yako mwenyewe: mtu huyo huamka alfajiri ya siku yake ya kupumzika, anaendesha gari kwa mwendo wa baiskeli kwenye barabara ya malori, nyuma yako. Amemleta mamaye, yule yule aliyekuwa angojee mabati, aje akuone. Je, huyo anangoja kosa lako? Au wewe ndiye ambaye bado unamlipa deni alilokwisha kulifuta? Swali hili silijibu, nalikabidhi kwako. Inawezekana pia kwamba lile jambo la pesa halikuwahi kuzungumzwa likaisha, mlilipita tu mabati yaliponunuliwa. Kama ndivyo, linastahili mazungumzo yake, lakini si wiki hii.

Kumwambia kuna hatari. Anaweza kukukataza moja kwa moja kwa kuogopa kukupoteza, nawe utajuta kwamba ulisema. Anaweza kujaribu kukutia moyo kwa sauti kubwa na usisikike. Ndiyo maana ningekushauri umweleze kwanza unataka nini kutoka kwake. Kwa mfano: "Baba watoto, kuna jambo lilinipata baharini wakati ule na sikumwambia mtu. Nataka unisikilize tu, uamuzi tutauzungumza nikitoka kwa daktari." Msubiri watoto walale, na mama awe ameingia chumbani. Usiyaache mpaka kwenye treni, pale hakuna pa kwenda mkikwaruzana. Na hata kama mtapishana, Jumapili ufuoni ni vyema awepo mtu wako mmoja anayejua ukweli, anayeweza kumwambia mwokoaji au daktari, "Kifua kilimbana mara ya mwisho, na baba yake alikufa ghafla." Asipojua, atawaambia misuli ya mguu ilikaza.

Mama mkwe wako usimtwike mzigo huu. Amekuja kuiona bahari, na ataiona, ukiwa ndani yake au umeketi naye. Hao wasichana wa mtaani nao, jiulize tu: mmoja wao angekujia akakuambia, "Coach, nilibanwa na kifua kwenye maji na kesho nina mashindano," ungemwambia asahau?

Kuhusu joto la Mombasa, neno moja tu. Kwa kuwa mnatoka Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa itakuwa nzito yenye kukushibisha pumzi, lakini jasho halitakauka. Kunywa kwa kiu, utie na chumvi kidogo kwenye chakula. Usijaze maji tumboni asubuhi ya Jumapili kwa sababu mtu amekuambia joto ni kali. Yakizidi hupunguza chumvi ya damu, na kwa hali ile ya mapafu niliyoitaja hayakusaidii.

Basi mwanangu, leo mpigie mama yako kuhusu baba, kesho nenda kwa daktari, na kati ya hapo mtafute mume wako watoto wakilala. Hayo yakishafanyika utajua mengi kuliko unavyojua saa hii, na uamuzi wa Jumapili utakuwa wako kwa namna ambayo leo bado si wako. Niandikie ukirudi, hata kama ni mistari miwili. Na umsalimie mama mkwe.

Shangazi